Rekodi za Paul Robeson kwa wafanyakazi: uanze na Porthcawl, Peace Arch au Carnegie Hall?

Mpwa wangu anafundisha Historia sekondari, Morogoro. Mwezi uliopita alinipigia: "Shikamoo mjomba. Nina vipindi viwili tu vya kuwaonyesha wanafunzi jinsi Weusi wa Marekani walivyopigania haki zao, na vyama vya wafanyakazi viliingia vipi humo. Nataka wasikie sauti ya mtu, wasiishie kusoma. Nimetafuta Paul Robeson, nimeletewa nyimbo mia. Nichukue ipi?"

Nilimwelewa vizuri. Ukiandika jina hilo kwenye huduma yoyote ya muziki unaletewa mkusanyiko juu ya mkusanyiko, wimbo mmoja mara kumi, bila mwaka, bila mahali, bila jina la mpiga kinanda. Kwa mwimbaji wa mapenzi hilo halina neno. Kwa Robeson linaharibu kila kitu, kwa kuwa wimbo uleule aliouimba 1936 na 1952 una maneno tofauti na ulitumwa kufanya kazi tofauti. Basi nikakaa na rekodi sita ninazozijua, nikazilinganisha kwa ajili yake. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo.

Kwanza mtu mwenyewe, kwa ufupi. Alizaliwa 9 Aprili 1898 Princeton, New Jersey. Baba yake alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akaja kuwa mchungaji. Paul alisoma Rutgers, akachukua digrii ya sheria Columbia mwaka 1923, kisha akaiacha sheria akaingia jukwaani. Mwaka 1925 yeye na mpiga kinanda Lawrence Brown walipanda jukwaa New York na programu nzima ya nyimbo za Weusi, hasa zile za kiroho zilizotoka utumwani. Alikuwa besi, ile tunayoiita sauti ya nne kwenye kwaya. Mimi mwenyewe naimba sauti hiyo kanisani, na nakiri sijasikia nyingine inayoshuka chini bila kuonekana inatafuta ngazi.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna sababu yetu ya kumsikiliza. Alipokuwa akiishi London miaka ya 1930 alijiandikisha School of Oriental Studies asome lugha za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Hukohuko alifahamiana na Jomo Kenyatta, ambaye alitokea kama mwigizaji wa ziada kwenye filamu ya Sanders of the River ya 1935. Robeson aliijutia filamu hiyo, maana ilipokamilika ilikuwa inausifu utawala wa Mwingereza Afrika. Baadaye aliongoza Council on African Affairs, chombo kilichopigia kelele uhuru wa Afrika kikiwa New York wakati wengi huko hawakuwa na habari nasi.

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ikamnyang'anya pasipoti kwa sababu ya siasa zake. Hakurudishiwa mpaka 1958. Kumbi kubwa zikamfungia milango, redio ikanyamaza, kampuni za santuri zikamwacha. Hapa ndipo hadithi ya rekodi hizi inapoanzia, na ndilo jambo ninalotaka uliweke moyoni unapochagua: rekodi zake nyingi zilizo bora kuhusu kazi na haki zipo kwa sababu vyama vya wafanyakazi vilikataa kumpoteza. Wachimba migodi ndio waliotafuta laini ya simu. Wachimba migodi ndio walioleta lori.

Porthcawl, 5 Oktoba 1957

Nikiambiwa nichague moja tu, nachukua hii.

Wachimba makaa ya mawe wa Wales Kusini walikuwa na tamasha lao la kila mwaka la nyimbo na ushairi, Eisteddfod ya wachimba migodi, kwenye ukumbi wa Grand Pavilion katika mji wa pwani wa Porthcawl. Walimwalika Robeson. Pasipoti hana. Ila mwaka mmoja nyuma, Septemba 1956, waya wa kwanza wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki kati ya Scotland na Newfoundland ulikuwa umeanza kazi. Wakakodi laini. Robeson akaketi studio New York, watu wapatao 5,000 wakaketi Porthcawl, na spika zikawekwa ukumbini.

Unachosikia ni hiki. Anaanza Will Paynter, rais wa chama cha wachimba migodi wa Wales Kusini, kumkaribisha kwa sauti ya mtu aliyezoea mikutano: tunafurahi kukusikia, tungefurahi zaidi kama ungekuwa nasi hapa. Robeson anajibu kutoka ng'ambo, anawasalimu watu wa Wales kama mtu anayesalimia nyumbani kwao. Halafu anaimba. Kwaya ya wanaume ya Treorchy nayo inamwimbia yeye. Mwisho ukumbi mzima unamwimbia wimbo wa Wales wa kumkaribisha mgeni, maelfu ya watu wakiimba kuelekea kwenye simu.

Mwaka juzi, usiku wa kuamkia Mei Mosi, niliipiga rekodi hii kwenye ofisi ndogo ya tawi la chama karibu na bandari, Dar es Salaam. Tulikuwa wazee saba na vijana wawili, kahawa mezani, spika moja ya mkononi juu ya kabati la mafaili. Nilikuwa nimeeleza habari ya simu, lakini nadhani maneno yangu yalipita tu. Ulipofika wimbo wa mwisho, mzee mmoja aliyepakua mizigo melini tangu ujana wake akaweka kikombe chini taratibu, akauliza: "Hao wote wanamwimbia yeye? Na yeye yuko Marekani?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Rudisha." Tukarudisha mara tatu.

Penzi hilo lilikuwa na mizizi. Septemba 1934 mgodi wa Gresford, kaskazini ya Wales, ulilipuka na watu 266 wakafa. Robeson alikuwa na tamasha Caernarfon kesho yake, akatoa malipo yake yote kwa mfuko wa wafiwa. Desemba 1938 alikwenda Mountain Ash kuwaimbia watu kwenye kumbukumbu ya vijana wa Wales waliouawa wakipigana Hispania upande wa Jamhuri. Mwaka 1940 akaigiza mchimba migodi katika The Proud Valley, filamu iliyopigwa kati ya watu haohao. Kwa hiyo wanapomwimbia 1957 wanalipa deni wanalolijua.

Udhaifu wa rekodi hii ni ule unaoutarajia. Simu ilitengenezwa kubeba maneno. Besi inayopita kwenye waya wa maelfu ya kilomita haifiki na uzito wake wote, na mtu anayetaka kujifunza jinsi Robeson anavyoshika pumzi asianzie hapa. Pia ni fupi, na sehemu kubwa ni hotuba na salamu. Mwalimu atakuja kuona kwamba hotuba ndizo somo lenyewe.

Imepatikana kwenye CD ya Folk Era pamoja na rekodi nyingine, jina lake likitaja treni ya uhuru na tamasha la Wales la kuvuka Atlantiki. Chuo Kikuu cha Swansea, chenye maktaba ya wachimba migodi wa Wales Kusini, ndicho mahali pa kuandikia barua ukitaka kwenda mbali zaidi ya CD.

Peace Arch, 18 Mei 1952

Hii ndiyo mpinzani wake wa kweli, na kwa msikilizaji fulani inashinda.

Mwanzoni mwa 1952 Robeson alialikwa Vancouver kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi wa migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, Mine, Mill and Smelter Workers. Mmarekani kuingia Kanada siku hizo hakuhitaji pasipoti, lakini alizuiwa mpakani asitoke nje ya nchi yake. Akawaimbia wajumbe kwa simu akiwa Seattle. (Angalia: hila ya simu ilianza hapa, miaka mitano kabla ya Porthcawl.) Chama kikasema, kama hawezi kuja kwetu, twende sote mpakani.

Pale mpakani, kati ya Blaine katika jimbo la Washington na British Columbia, kuna tao kubwa jeupe, Peace Arch, lililozinduliwa 1921. Ndani yake kuna malango ya chuma na maandishi yanayoomba malango hayo yasifungwe kamwe. Tarehe 18 Mei lori likaegeshwa upande wa Marekani, hatua chache kutoka mstari wa mpaka, Robeson akapanda juu yake pamoja na Lawrence Brown na kinanda. Makadirio ya watu yanatofautiana sana. Yale ya juu yanafika 40,000, wengi wao wakiwa wamesimama upande wa Kanada.

Ukilinganisha na Porthcawl, tofauti ya kwanza ni mwili. Huyu ni mtu aliyesimama kwenye lori mbele ya watu, na sauti imeshikwa pale alipo. Hakuna ukuta wa kurudisha mwangwi, kwa hiyo inasikika kavu, ya karibu, na besi ipo. Tofauti ya pili ni hasira. Porthcawl kuna joto la marafiki. Hapa, anapozungumza, unamsikia mtu anayebanwa kwelikweli na ambaye ameamua kusema kwamba hatarudi nyuma hata inchi. Tofauti ya tatu ni umati: wa Wales unajibu kwa wimbo uliopangwa sauti nne, wa mpakani unajibu kwa makofi na vifijo vya uwanja wa wazi.

Na hapa lazima nizungumzie Ol' Man River. Wimbo huu uliandikwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, ukiwa na mtu Mweusi anayebeba mizigo kando ya mto Mississippi akisema amechoka kuishi na anaogopa kufa. Robeson aliuimba hivyo London mwaka 1928 na kwenye filamu ya 1936. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akaanza kuyabadili maneno yale yeye mwenyewe: badala ya kuchoka na kuogopa, mbebaji anasema ataendelea kupigana mpaka siku ya kufa. Noti ni zilezile. Anayeimba ndiye aliyegeuka. Ukiipiga ya 1936 halafu ukaipiga ya Peace Arch, darasa halihitaji maelezo zaidi kuhusu kilichotokea kwa mtu huyu katikati.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mkusanyiko usio na tarehe kutoka kwa muuzaji mmoja, nikaupiga kwenye hafla ya wafanyakazi nikiwa nimewaahidi watu wimbo wa mapambano. Ulikuwa ule wa zamani. Mtu kwenye spika akaimba kwamba amechoka na anaogopa, mbele ya watu waliotoka kwenye mgomo wiki hiyo. Tangu hapo sipigi rekodi ya Robeson mbele ya watu kabla sijajua mwaka wake.

Matamasha ya mpakani yalirudiwa kila mwaka hadi 1955. Folk Era ilitoa rekodi kwenye CD kwa jina The Peace Arch Concerts. Ya 1952 ndiyo ya kutafuta kwanza.

Carnegie Hall, 9 Mei 1958

Hii ndiyo inayopatikana kwa urahisi kuliko zote, na ndiyo watu wengi huianza bila kujua. Vanguard, kampuni ndogo ya santuri, iliirekodi wakati kampuni kubwa zilikuwa bado zinamwogopa. Robeson alikuwa ametimiza miaka 60 mwezi mmoja kabla. Ilikuwa mara yake ya kwanza ndani ya miaka mingi kuimba kwenye ukumbi mkubwa wa New York. Kinandani yupo Alan Booth, si Brown, na masikio yako yatajua: Brown alikuwa akimsindikiza kama mtu anayetembea na ndugu, hata kumwitikia kwa sauti yake mwenyewe, Booth anashika nafasi ya mpiga kinanda wa tamasha.

Kama unataka mtu mzima katika usiku mmoja, chukua hii. Kuna nyimbo za kiroho, kuna wimbo wa Kiyahudi wa Wahasidi, kuna kipande cha Othello, mchezo wa Shakespeare aliokuwa ameuigiza Broadway mara 296 kuanzia Oktoba 1943. Kati ya nyimbo anazungumza na watu, taratibu, kama mwalimu mzee, namna muziki wa mataifa unavyokutana. Sauti imerekodiwa vizuri na ukumbi unaisaidia. Imekuwa nzito kidogo kuliko ya miaka ya 1930, na inapanda kwa tahadhari.

Lakini kwa swali la mpwa wangu, kuhusu kazi na haki, naiweka ya tatu. Watazamaji wa Carnegie Hall walinunua tiketi na wakaketi. Ujumbe upo kwenye programu, lakini chama hakisikiki. Mwanafunzi wa kidato cha tatu atasikia msanii mkubwa akishangiliwa, na hatasikia kwa nini serikali ilimwogopa. Mwezi uliofuata, 16 Juni 1958, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi nyingine kwamba wizara ya mambo ya nje haina mamlaka ya kumnyima mtu pasipoti kwa sababu ya imani yake ya kisiasa, naye akapata ya kwake. Carnegie Hall ni rekodi ya mlango unaofunguka, na uzuri wake ni wa namna hiyo.

Kwa mwalimu wa kwaya, geuza mpangilio wangu wote: hii iwe ya kwanza.

Moscow, 14 Juni 1949

Hii simpendekezei mwanafunzi bila mwalimu kuwa karibu, na simpendekezei mtu mzima aikwepe.

Robeson aliipenda Urusi ya Kisovieti kwa sababu, alivyosema mara nyingi, ndiko alikojisikia binadamu kamili kwa mara ya kwanza. Mwaka 1949 alikwenda kuimba kwenye ukumbi wa Tchaikovsky. Rafiki zake wawili Wayahudi walikuwa wamepotea machoni: mwigizaji Solomon Mikhoels alikuwa ameuawa Januari 1948, na mshairi Itzik Feffer alikuwa kifungoni. Robeson aliomba kumwona Feffer, akaletewa hotelini, na mshairi akamweleza kwa ishara za mikono hali yao ilivyo, maana chumba kilikuwa na masikio. Mwisho wa tamasha Robeson aliwataja rafiki zake hao mbele ya ukumbi, akaimba kwa Kiyidishi wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi wakati wa vita, ulioandikwa na Hirsh Glik mwaka 1943.

Wimbo upo kwenye rekodi. Maneno aliyosema kabla yake hayapo. Kinachobaki ni umati: kishindo cha makofi na kelele zilizochanganyika, watu wasiojua kama wanaruhusiwa kulia. Nimezisikiliza sekunde zile mara nyingi kuliko wimbo wenyewe.

Aliporudi Marekani hakusema hadharani lolote dhidi ya Stalin. Feffer alipigwa risasi Agosti 1952. Nampenda Robeson, na jambo hili linaniuma. Sitaki kumtetea wala kulifunika. Ukiichagua rekodi hii ujue unachagua swali hilo pia, na ulipe muda. Dakika tano za mwisho wa kipindi hazilitoshi.

Za studio: santuri za 1942 na zile za miaka ya 1950

Columbia ilirekodi mwaka 1942 seti iliyoitwa Songs of Free Men: nyimbo za vita vya Hispania, za wafungwa wa kambi za Wanazi, na wimbo wa Joe Hill. Sauti yake hapo iko kileleni. Lakini ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kila upande dakika chache tu, na kila wimbo unaingia na kutoka kama mtu aliyeambiwa gari linamsubiri. Kwa kusikia sauti safi ya ujana wa utu uzima wake, hakuna inayozidi. Sony ina seti kubwa ya CD yenye rekodi zake za Columbia na Victor, na EMI ilitoa seti ya zile za London za 1928 hadi 1939. Hizo ni za maktaba au mtafiti. Mtu binafsi atazama humo.

On My Journey ya Smithsonian Folkways, iliyotoka 2007, ni kitu kingine kabisa, na nadhani haitajwi inavyostahili. Kampuni zilipomkataa, Robeson na mwanawe walianzisha lebo yao, Othello Recordings. Santuri ziliuzwa kwa posta, kwenye kumbi za vyama, makanisani. Folkways ilikusanya rekodi hizo huru za miaka ya 1950. Hakuna umati, kwa hiyo huwezi kusikia nani yuko mbele yake. Ila unasikia mtu aliyefungiwa kila mahali akirekodi kwa hiari yake, akiimba polepole, bila mtu wa kampuni kumwambia wimbo gani unauzika. Inakuja na maelezo mazuri ya kuchapwa, na huo ni msaada mkubwa kwa mwalimu. Kwa mtu wa kanisani anayetaka nyimbo za kiroho zikiwa na maana yake ya ukombozi, naiweka juu ya Carnegie Hall.

Wimbo mmoja, mahali patatu

Kama bado huwezi kuamua, fanya jaribio nililomfanyia mpwa wangu. Chukua Joe Hill. Joe Hill alikuwa mhamiaji kutoka Sweden, mtunzi wa nyimbo za chama cha wafanyakazi cha IWW, aliyepigwa risasi na jimbo la Utah tarehe 19 Novemba 1915 kwa kesi ya mauaji ambayo wafanyakazi wengi hawakuikubali. Wimbo, uliotungwa 1936, unasimulia ndoto: Joe anatokea kando ya kitanda na kusema hakufa, yupo popote wafanyakazi wanapojipanga.

Kwenye santuri ya 1942 Robeson anausimulia kama ndoto kweli, laini, kila neno limewekwa mahali pake. Peace Arch 1952 hauko tena usingizini. Anawaambia wachimba migodi habari ya mwenzao. Halafu kuna filamu fupi ya Sydney, 9 Novemba 1960. Jengo la opera lilikuwa bado ni nguzo na saruji. Chama cha wajenzi kilimkaribisha saa ya chakula cha mchana, akasimama kati ya mbao na vyuma na koti lake zito, mkono mmoja sikioni, bila kinanda, akaimba Ol' Man River na Joe Hill. Wajenzi wamekaa kwenye jukwaa za ujenzi, wengine chakula mkononi. Wengine wanaacha kutafuna.

Filamu hiyo ni ya dakika chache na ubora wa sauti ni wa wastani. Mwalimu mwenye projekta aitumie. Vijana wanaamini wanachokiona, na kumwona mwanamume mkubwa Mweusi wa miaka 62 akiwaimbia mafundi wenye vumbi kunafanya kazi ambayo rekodi ya sauti peke yake huichukua nusu saa. Nyaraka za kitaifa za filamu na sauti za Australia ndizo mahali pa kuanzia kuitafuta.

Mambo ya kuangalia kabla hujalipa

Tarehe kwanza. Kama mkusanyiko hauna mwaka wa kila wimbo, uache. Pili, jina la mpiga kinanda: Brown kwa sehemu kubwa ya maisha yake, Booth kwa 1958. Tatu, usidanganywe na neno "laivu" kwenye jalada, kuna makofi yanayobandikwa. Nne, kwa matumizi ya hadhara, iwe shule au redio ya jamii, uliza kuhusu haki za rekodi mapema; Folkways ni ya taasisi ya makumbusho na ni rahisi kuandikiana nayo. Anayeandika utafiti wa shahada aelekee kwenye makabati yenyewe: Schomburg Center New York, Moorland-Spingarn ya Chuo Kikuu cha Howard, na Akademie der Künste ya Berlin, ambayo ina hifadhi ya Robeson iliyoanzishwa Ujerumani Mashariki mwaka 1965.

Mpwa wangu alichagua hivi. Kipindi cha kwanza: Ol' Man River ya 1936, halafu ya Peace Arch, darasa likiandika maneno yaliyobadilika. Kipindi cha pili: Porthcawl nzima, hotuba na yote, akiwa ameichora ramani ya Atlantiki ubaoni na mstari mmoja wa chaki kutoka New York mpaka Wales. Carnegie Hall ameibakiza nyumbani, anaisikiliza mwenyewe jioni. Alinipigia baadaye. "Mjomba, wakati wa ule wimbo wa mwisho walinyamaza, halafu mmoja akauliza kama na sisi tungeweza kumwimbia mtu kwa simu. Nikawaambia wachague mtu."

Wamemchagua mlinzi wa shule aliyestaafu, anaishi Kilosa. Wanafanya mazoezi Ijumaa.